Homa Niliyoipeleka Mjini

Kijijini kwetu mimi ndiye niliyekuwa nawaugulia wote. Kila Jumamosi nilipakia ulezi wangu kwenye lori la mzee Masalu, nikaenda kuuza sokoni Mazwi, mjini, na kila Ijumaa jioni watu walinipitia nyumbani mmoja mmoja kuniachia magonjwa yao. Jirani yangu Leonia aliniachia minyoo. Mzee Yohanes aliniachia kikohozi na macho. Mwingine alininong'oneza mambo ya chini ya kitovu, nikayapokea bila kucheka, au nikacheka akishaondoka. Kalamu sikuihitaji. Kila ugonjwa niliufungia fundo dogo kwenye pindo la kitenge changu, na nikifika duka la dawa nilianza fundo la kulia kwenda la kushoto: hili kikohozi, hili macho, hili la mtu asiyetaka ajulikane.

Muuzaji wa zamani, Stephano, tulielewana. Nikiingia tu aliniuliza leo nimeleta wagonjwa wangapi, nami namwaga. Kikohozi kikavu au cha makohozi? Siku ngapi? Mkubwa au mtoto? Basi, anafungasha. Homa ya mtu yeyote aliyeshuka ziwani ilipewa mseto, dawa ya malaria, bila swali la pili. Wako waliopona kwa dawa, wako waliopona wenyewe, na waliokufa tulisema siku zao zimefika. Hatukuwa na namna ya kujua nani ni nani, na ukitaka nikuambie kweli, hatukuitafuta.

Nilijivuna sana kwa kazi hiyo. Watu walikuwa wakisema, mpe mama Adriano, yeye hasahau. Mama Adriano ndiye mimi, Rozina, mtoto wa kwanza wa mama yetu. Na mwanamke asiyesahau kitu huanza kudhani hawezi kukosea.

Mwaka juzi Stephano aliuza duka, akaja binti mmoja wa Mbeya anaitwa Asnath. Amesomea dawa chuo kikuu. Sisi tunamwita daktari, mwenyewe kila siku anasahihisha kwamba yeye ni mfamasia, na kila siku tunamwitikia, "Sawa, daktari." Aliweka meza kwenye kona ya duka, viti viwili, pazia la kijani, mashine ya presha na mizani. Mwanzoni mwa mwaka huu akabandika ukutani barua yenye muhuri. Duka lake lilikuwa moja ya machache yaliyochaguliwa kwa majaribio, kwamba mfamasia aruhusiwe kupima na kutibu magonjwa madogo ya kila siku hapo hapo dukani, malaria isiyo kali, mkojo unaochoma, fangasi, kikohozi, minyoo, ili watu wasiende kujazana hospitali kwa mambo ya nusu saa.

Msije mkanisikia vibaya. Lilikuwa jambo jema, na shahidi wa kwanza ni mimi. Mwezi wa tatu mkojo ulinichoma mpaka nikawa nakaa upande. Zamani ningepanga foleni hospitali tangu alfajiri hadi jua limegeuka, na ulezi wangu umekaa sokoni bila mwenyewe. Asnath alivuta pazia, akanisalimia shikamoo, akaniuliza maswali mengi, akanipa kikopo, akachovya kijiti chake, akanipa dawa na kunieleza kwa nini nizimalize hata nikipata nafuu. Nusu saa nikawa nimerudi kwenye gunia langu. Nililia kidogo njiani, maana tangu nizaliwe hakuna mtu aliyeniuliza mambo mengi namna ile kuhusu mimi mwenyewe.

Lakini chini ya ile barua sasa kulikuwa na karatasi mpya, herufi kubwa: HATUTOI DAWA BILA KUMWONA MGONJWA. Jumamosi hiyo hiyo nilikuwa na mafundo matano kwenye kitenge. Nilipoanza kumfungulia la kwanza, Asnath alitabasamu, akaniambia, "Mama, mimi siwezi kutibu fundo. Waje wenyewe."

Waje wenyewe. Mzee Yohanes apande juu ya lori, saa mbili za vumbi na baridi, kwa ajili ya kikohozi? Leonia aache watoto na nani? Nilirudi kijijini mikono mitupu, na Ijumaa iliyofuata waliokuja walikuwa wawili tu. Wengine walianza kusema mama Adriano siku hizi hasikilizwi mjini. Maneno hayo yaliniuma kuliko ule mkojo. Basi Jumamosi ile niliingia dukani, nikakaa kwenye kiti nyuma ya pazia, na Asnath aliponiuliza nani mgonjwa nikasema ni mimi.

Nilianza na kikohozi cha mzee Yohanes, na nilikikohoa vizuri kuliko mwenyewe. Wiki nyingine nikawa na minyoo ya Leonia. Nyingine nikawa na fangasi wa mtu nisiyemtaja, nikasema wako mahali ambapo mama wa umri wangu hawezi kuonyesha, Asnath akaona haya, akanipa tyubu. Alinifungulia kadi yenye jina langu na umri wangu, miaka arobaini na mitatu, na kila nilipokuja aliandika pia kwenye daftari lake kubwa la majaribio. Mara ya tatu aliniangalia kwa huruma, akasema, "Mama Rozina, umeugua sana miezi hii. Ngoja nikupime na sukari." Akanipima. Sukari ilikuwa nzuri, kila kitu kilikuwa kizuri, akashangaa. Niliona aibu, ila ilinitoka kabla lori halijapita Chanji, hata mji hatujaumaliza.

Sasa nimseme Luciana.

Luciana ni mdogo wangu, kitindamimba. Mama alikufa Luciana hajaota meno yote, nikambeba mgongoni pamoja na Adriano wangu, huyu kushoto huyu kulia, watu wakadhani nimezaa mapacha. Aliolewa na Flavian, mtulivu, mfanyabiashara wa dagaa. Flavian hupeleka unga Wampembe, kule ziwani, hurudi na dagaa, na mwezi wa tano alishuka na mkewe wakakaa huko majuma matatu. Nilikataa. Nilimwambia Luciana mimba ya miezi minne, tena ya kwanza, haipelekwi ziwani kwenye mbu. Akanicheka, akasema anataka kuona maji mengi kabla hajawa mama wa mtu.

Walirudi Jumatano. Jioni hiyo kichwa kilimuuma. Alhamisi akatetemeka, lakini mwezi wa sita kwetu huku juu nani hatetemeki? Tulimsogeza motoni. Ijumaa akatapika uji, akatapika na maji. Zahanati iko kijiji cha jirani, na muuguzi wake mmoja alikuwa amekwenda semina hadi Jumatatu. Flavian akasema amepata mwenye pikipiki, asubuhi ampeleke mkewe kituo cha afya, mwendo wa saa moja na nusu kwa njia ile. Nikamwambia kwa nini umtikise mjamzito kwenye mashimo, na mimi kesho naenda mjini? Ni malaria ya ziwani, hata kipofu anaiona. Namletea mseto, Jumamosi jioni anakunywa, Jumatatu anapika.

"Si wanataka mgonjwa mwenyewe siku hizi?" Flavian aliuliza.

"Hayo niachie mimi, shemeji," nikasema. Maneno hayo ningeweza kuyatafuna na kuyameza, ningefanya hivyo kila siku hadi nife.

Luciana alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na mafiga, blanketi mbili. Alifungua macho akaniambia, "Dada, usisahau kuwaambia na mgongo unauma." Nikafunga fundo.

Asubuhi nilikuwa wa kwanza dukani. Asnath alivuta pazia, nikakaa kwenye kiti changu, maana kilishakuwa changu. Nikamweleza kila kitu kwa mpangilio: kichwa tangu Jumatano, baridi Alhamisi, kutapika Ijumaa, mgongo. Akauliza kama nimesafiri karibuni. Nikasema Wampembe, majuma matatu. Akaacha kuandika, akanitazama, akasema sisi wa juu malaria hutupiga vibaya kwa sababu mwili haujaizoea. Nilifurahi. Nilijisemea moyoni, haya, ameshaiona mwenyewe, bado kunipa dawa tu. Akaweka kipimajoto kwapani. Hakikuonyesha homa. Nikamwambia nimemeza panadol alfajiri, akatikisa kichwa, akasema homa hujificha hivyo.

Kisha akauliza, "Una mimba?"

Nilicheka. Nilicheka kabisa, kwa sauti, hata waliokuwa nje ya pazia wakasikia. "Mimi? Daktari, mwanangu anaoa mwaka huu." Naye akacheka, akaweka alama kwenye kadi. Hapana. Homa nilijibu ya Luciana, tumbo nikajibu langu.

Watu wawili wameshaniuliza kama nilidhani damu yangu ingeonyesha malaria ya mtu mwingine. Wa kwanza ni Flavian, wa pili ni mimi mwenyewe. Sikudhani hivyo. Mimi si mjinga, darasa la saba nilifaulu. Ni kwamba kupimwa kwangu kulikuwa kama geti, unafungua unapita, na upande wa pili kuna dawa. Mara zote tatu nilipita. Hata aliponichoma kidole na tone likatoka, ndipo wazo likanijia, hii ni damu yako, Rozina. Nikalijibu kwamba tumenyonya ziwa moja mimi na Luciana. Mtu akishaamua jambo hakosi cha kujiambia.

Kipimo kinachukua dakika kumi na tano. Asnath alitoka kumhudumia mtu, akaniacha na ukuta. Kwenye ukuta, pembeni ya barua yenye muhuri, kulikuwa na orodha ya wagonjwa ambao yeye hana ruhusa ya kuwatibu na lazima wapelekwe hospitali mara moja. Mtoto mchanga. Mtu aliyepoteza fahamu. Mstari wa tatu: mjamzito mwenye homa. Chini yake namba ya simu ya gari la wagonjwa.

Nilisoma. Sitasema sikusoma. Nilisoma mara mbili, na nilikuwa na dakika kama kumi hivi zimebaki. Nilichowaza ni kwamba nje ya pazia kuna watu wanne na mmoja wao anauza karanga jirani na ulezi wangu. Niliwaza kile kikohozi, na minyoo, na fangasi, na ile sukari aliyonipima kwa huruma. Nikawaza pia kwamba dawa iko karibu, dakika chache tu, na hospitali ipo, haikimbii, dawa ikishindwa tutampeleka. Hayo yote niliwaza nikiwa nimekaa vizuri, nimevaa sweta, sina ugonjwa wowote.

Asnath alirudi, akakitazama kipimo, akanionyesha. Mstari mmoja.

"Hongera, mama. Huna malaria."

Nikamwambia anipe mseto hivyo hivyo. Akakataa, kwa upole. Alinieleza kwamba hapo ndipo zamani tulipokuwa tunakosea, kumeza mseto kwa kila homa, na kwamba kazi yake mpya ni hiyo hasa, kutompa mtu dawa ya ugonjwa asio nao. Hakukosea hata neno moja. Akanipa panadol na pakiti za maji ya chumvi na sukari, akasema huenda ni mafua na uchovu wa safari, nipumzike, na homa ikiendelea siku mbili nirudi au niende hospitali moja kwa moja. Akaandika kwenye kadi: malaria, hakuna. Akanishika bega. Mdomo wangu ulikuwa umejaa maneno na nikayameza yote, nikasema asante, nikatoka. Sokoni, kabla hata ya kufungua gunia, nilifungua lile fundo.

Kibaya kuliko vyote kilitokea juu ya lori. Tulipotoka mjini nilijua nimebeba uongo. Tulipofika katikati ya njia nilikuwa najiambia, lakini kipimo si kimesema? Na tulipoingia kijijini nilikuwa nimeshaamini. Habari njema ukiibeba saa mbili inakuwa yako. Niliingia ndani kwa Flavian, nikasema wamepima, si malaria. Nikatoa kadi, akaipokea bila kuisoma. Flavian alishusha pumzi, akaenda kumwambia mwenye pikipiki kwamba hatutamhitaji, daktari amesema tungoje siku mbili.

Luciana peke yake ndiye aliyeuliza. Alisema taratibu, macho yamefumba, "Walinipimaje, dada, na mimi niko hapa?"

Nikamwambia siku hizi wana namna zao.

Hakuuliza tena. Alikuwa ameshazoea tangu utotoni kwamba nikisema jambo ndivyo lilivyo.

Jumapili panadol ilimpa nafuu, akanywa uji nusu kikombe ukakaa. Nilikwenda misa, nikashukuru. Jumatatu asubuhi niliingia kumwona, akaniita mama. Nikadhani anatania. Akaniuliza kama nimeshachota maji, akaniambia Rozina anamnyima chakula. Alikuwa ananitazama usoni. Macho yake yalikuwa ya njano, na mkojo aliojikojolea kwenye mkeka ulikuwa mweusi kama chai ya rangi.

Tulimweka kwenye pikipiki, katikati yangu na dereva, Flavian akatufuata kwa baiskeli, sijui aliendeshaje, maana alifika nyuma yetu kidogo tu. Kwenye kituo cha afya muuguzi alikuwa mama wa makamo, mwepesi wa mikono. Aliuliza kama mgonjwa amepimwa malaria. Flavian, huku anahema, akajibu haraka kwamba amepimwa Jumamosi mjini, hana, na akatoa kadi kwenye mfuko wa shati. Alikuwa ameifunga kwenye nailoni isilowe.

Muuguzi aliisoma. Akamtazama Luciana, akaisoma tena. Akauliza huyu ndiye mwenye miaka arobaini na mitatu, asiye na mimba? Hakupandisha sauti. Kisha akanitazama mimi, na nadhani katika kazi yake ameshawaona wengi kama mimi, kwa sababu hakuniuliza lolote. Alimchoma Luciana kidole. Mistari miwili ilijitokeza kabla hajamaliza kuandika jina.

Wakamchoma sindano, wakaita gari. Tulipokuwa tunangoja mlangoni Flavian aliniuliza, "Ile damu ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

Alikuwa amerudishiwa kadi, akaifunga tena kwenye nailoni. Sikuogopa kwamba angenipiga, nilitamani anipige. Akaninyooshea ile kadi na nailoni yake, akasema, "Basi shika kadi yako, shemeji."

Gari la wagonjwa lilipita Mazwi, mbele ya duka la Asnath. Mlango ulikuwa wazi na pazia la kijani limefungwa, maana yake kulikuwa na mtu ndani anaulizwa maswali, na bila shaka anajibu kweli. Luciana alikufa Jumanne hospitalini, saa nne asubuhi, mtoto akiwa tumboni. Madaktari wawili walihangaika naye. Mmoja aliniambia mngemleta Ijumaa, au hata Jumamosi. Alisema vile bila ubaya, kama mtu anayekuelekeza njia uliyokwisha kuipita.

Tulimzika Jumatano. Watu walisema kazi ya Mungu haina makosa, wakasema na mengine ya kufariji, nami nikaitikia amina kwa kila moja. Flavian hakumwambia mtu. Sijui ananionea huruma au hataki kulisikia likisemwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini walimsema anayeficha ya kwake. Mimi nilificha ya mwenzangu, na kifo kilimchukua yeye, kikaniacha mimi nikipewa pole.

Ijumaa walikuja kutoa rambirambi wale ambao hawakuwahi mazishi. Walikaa, wakala, wakamsifu marehemu. Na walipokuwa wanaaga, mzee Yohanes akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema pole sana mama Adriano, Mungu akutie nguvu, na kama kesho utakwenda mjini, macho yangu bado. Leonia naye akakumbuka sikio la mwanawe. Nilisimama hapo na kitenge cha msiba, na vidole vyangu vikafunga mafundo vyenyewe.

Jumamosi sikupakia ulezi. Nilipanda lori mikono mitupu, nikaenda moja kwa moja dukani, nikiwa nimepanga maneno matatu ya kuanzia. Asnath aliponiona alisimama, akazunguka kaunta, akaja kunipokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama. Wiki nzima nakuwaza. Niliona hujarudi, nikakuombea."

Akanivuta nyuma ya pazia kabla sijafungua mdomo. Alisema mradi unataka wagonjwa wafuatiliwe, na yeye alikuwa ameanza kukata tamaa, maana watu wakishapata dawa hawarudi kusema wameponaje. Daftari la majaribio lilikuwa linaondoka mwisho wa mwezi kwenda kwa wanaoamua kama wafamasia waendelee kutibu au waache. Aliponipima joto alikuwa anaimba kwa sauti ya chini. Akaniomba kidole, tuhakikishe. Nikampa. Lile tundu la wiki iliyopita lilikuwa bado linaonekana kwa mbali, akachoma pembeni yake.

Nikapewa tena dakika kumi na tano, kiti kile kile, ukuta ule ule. Mjamzito mwenye homa bado alikuwa mstari wa tatu.

Ukatoka mstari mmoja. Asnath akafungua daftari mbele yangu, akapitisha kidole kwenye safu ya mwisho. Hakurudi, hakurudi, amepelekwa hospitali, hakurudi. Akafika kwenye jina langu, akaandika polepole, kwa mwandiko mzuri: Amepona. Akanigeuzia daftari nione. Alikuwa na furaha ya kweli, binti yule, na nilimchukia kwa dakika moja, kisha nikakosa hata nguvu ya kumchukia.

"Daktari," nikasema, "hiyo homa haikuwa yangu."

Hakuelewa. Nikarudia. Nikamwambia na kikohozi hakikuwa changu, na minyoo, na wale fangasi. Nikamwambia nilikuja kwa ajili ya mdogo wangu, ndiye aliyekuwa Wampembe, ndiye aliyekuwa anatapika. Kalamu ilikuwa bado mkononi mwake. Niliona uso wake ukirudi nyuma hatua kwa hatua, hadi kufika kwenye lile swali, na nikamjibu kabla hajauliza, kwamba ndiyo, alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Nilitegemea anifukuze. Badala yake aliinuka haraka, akafungua boksi, akatoa kipimo kipya, akachukua simu yake na kutazama ile namba ukutani. Sauti yake ilikuwa ya upole, ile ile ya siku zote.

"Usiogope, mama," akasema. "Yuko wapi? Mlete sasa hivi nimpime."

Nikamwambia tumemzika Jumatano.